Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alikuwa mkata nguo, na si wa kubahatisha. Ukiingia mlangoni tu, ameshajua nyonga zako bila futi. Wateja wanene walimwogopa. Cherehani alimwachia mdogo wake wa kike, ambaye Fundi mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui kutunga uzi kwenye sindano. Yeye meza na mkasi vilimtosha. Bila mkasi, hakujua angekuwa nani.

Maradhi yakamwingia kwenye viungo. Vidole vikavimba, vikatulia kwa dawa, vikavimba tena. Hayo aliyavumilia. Kilichomtisha ni kichwa. Kola aliijua, pindo alilijua, ila kipi kianze na kipi kifuate kilimponyoka kama sabuni majini. Wenye midomo isiyo na breki wakasema amekuwa mvivu.

Daktari hakumzungusha. "Kinga ya mwili ipo kupigana na vijidudu, mama. Yako imekugeukia wewe. Na ule uvimbe hauishii kwenye vidole. Unaweza kuuchosha hata ubongo, pale panapopanga mambo. Si uvivu huo."

"Kichwa changu kitarudi lini?"

"Tukiutuliza uvimbe, huenda. Siwezi kukuahidi."

Huenda! Neno gani hilo la kumrushia mtu anayezama?

Wiki hiyohiyo akakata koti la bwana harusi, kitambaa kaja nacho mwenyewe, hakuna kingine. Badala ya kukikunja mara mbili ili mikono itoke jozi, alikitandaza, akakata mkono mmoja, akaisogeza karatasi ya kipimo bila kuigeuza, akakata wa pili. Ikawa mikono miwili ya kushoto. Kosa la mwanafunzi aliyeanza jana.

"Bwana harusi niachie mimi," mdogo wake alisema, machozi yakimlengalenga. "Hebu kata hili shati, dada. Shati tu. Nimeshakuchorea."

Fundi akashika mkasi, akaizunguka meza. Mistari yote aliiona, myeupe, safi. Mkono ukabaki hewani. Alitamani kulia, alitamani kuuvunja mkasi, alitamani mtu yeyote aingie dukani amwokoe. Hakuingia mtu.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo, "nianzie wapi?"

Mdogo wake akamwonyesha kwa kidole, pale begani. Fundi akakata mpaka mwisho wa mstari, kisha akasimama, akasubiri aambiwe tena.