Kichungu Kisicho na Chumvi

Kabla ya ugonjwa, hakukuwa na harusi kubwa Kasongo ambayo Rachida hakuitwa kupika wali. Chumvi ya watu mia mbili aliipima kwa kiganja tu, na kila sufuria aliionja mwenyewe kabla haijapelekwa kwa wageni.

Alipofika miaka thelathini na minne, vidole vilianza kumwuma kila asubuhi. Mashavu yakatoka madoa kama ya kuungua, kisha miguu ikavimba. Mumewe, Atumani, alimpeleka Kindu kwa pikipiki. Munganga wa hospitali aliyempima hakumficha.

"Inaitwa lupusi. Haikutoka kwa mutu. Kinga ya mwili wako ndiyo inapiga mwili wenyewe, na sasa imefika kwenye figo. Dawa utakunywa kila siku. Na chumvi, mama, uache. Makayabu nayo, samaki yote ya chumvi, uisahau."

Chumvi ilimshinda kuliko dawa. Mwezi wa kwanza bugali ilikuwa kama udongo mdomoni, akawa analia mbele ya sahani. Kisha upishi wake ukaamka. Samaki mbichi wa Lualaba alimkamulia ndimu, sombe, yale majani ya muhogo, akaitia tangawizi na vitunguu vingi, nyanya akazichoma juu ya makaa kabla ya kuziponda. Alipika katika kichungu kidogo, kando ya sufuria ya nyumba. Baada ya miezi minne viatu vilimwingia tena. Ila kwenye harusi hawakumwita. Mpishi asiyekula alichokipika, nani atamwamini?

Mama mkwe akafa. Nuru, dada mkubwa wa Atumani, alikuja kutoka Kabambare, siku mbili juu ya pikipiki, akashika jiko la kilio. Mchana wa kwanza Rachida aliketi na wanawake kwenye mkeka, kichungu chake mkononi. Nuru akaweka mwiko chini.

"Wifi, unaogopa mukono yangu?"

"Hapana, dada. Munganga alinikataza chumvi."

"Chumvi? Hata watoto wanakula chumvi. Sema basi mbele ya watu kama mimi niko na sumu."

Wanawake waliacha kula. Kujitenga na sufuria ya wenzako, pale, ni kuwashitaki. Rachida alimtazama mumewe uani. Atumani akainamisha kichwa. Basi akasukuma kichungu nyuma yake, akanawa mikono, akala makayabu kwenye sinia la wote. Alikula hivyo siku tatu, kila mlo, ili kilio kisigeuke ugomvi.

Siku ya tano uso ulivimba hadi macho yakazibika, na pumzi ikawa ya kutafuta. Alilazwa wiki tatu. Alipotoka, aliambiwa figo zake zimebaki nusu ya kazi.

Mtaani walikuwa wamekwisha kuamua: Nuru amemlisha wifi yake kitu. "Ni chumvi," Rachida alimwambia kila aliyekuja kumwona. "Nilikula mwenyewe." Walimhurumia, wakasema anaogopa kutaja. Kisimani mwanamke mmoja alitema mate mbele ya miguu ya Nuru. Kabla ya arobaini ya mama yake, Nuru alifunga mzigo akaondoka bila kumuaga mtu.

Huu ni mwaka wa pili. Rachida bado anapika bila chumvi, lakini siku hizi miguu inavimba hata akishika masharti yote. Kila mtu anayekwenda Kabambare, Rachida humpa salamu ampelekee Nuru, na maneno yaleyale. Mwezi uliopita alirudi Baraka, dereva wa pikipiki.

"Nilimukuta," alisema. "Mgeni akifika kwake, hapiki tena. Anamutuma akale kwa jirani."

"Ulimwambia ni chumvi?"

"Nilimwambia, mama. Hata safari ile ya kwanza nilimwambia."

Rachida akamkaribisha ndani apate chakula. Baraka akakitazama kichungu kando ya sufuria, akasema ana haraka, akawasha pikipiki.