Kabati la Dawa

Kwa miaka kumi na moja Madame Talitha alifundisha kemia kwa chaki na mdomo, basi. Kila mwaka watoto wa darasa la mwisho waliandika daftarini namna nne za réaction, jinsi vitu vinavyogeuka kuwa vingine. Vitu viwili vinaungana vinakuwa kimoja. Kimoja kinavunjika. Kimoja kinamfukuza mwenzake na kukalia nafasi yake. Ya nne, viwili na viwili vinabadilishana wenzao. Walizikariri kama wimbo wa kwaya, na hakuna aliyewahi kuona kitu kikigeuka.

Na dawa za majaribio zilikuwapo! Hilo ndilo lilimchoma moyo. Ofisini kwa Prefe Lazare, mkubwa wa shule, kulikuwa na kabati la chuma lililojaa machupa ya tangu zamani za wamisionari. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Prefe hadi siku ya mkaguzi.

— Madame, ile njo ya kuonyesha inspecteur. Batoto batavunja.

Talitha alirudi kwenye chaki yake. Alikuwa mtoto wa fundi wa reli wa hapa Kamina, mtu wa sala, aliyemfundisha kusalimia kwanza na kusema polepole. Lakini siku moja ya mwezi wa tano, msichana Mwadi aliinua mkono.

— Madame, weye mwenyewe ulishaka kuona?

Darasa lilicheka. Talitha hakucheka, kwa sababu hakuwahi kuona. Naye alifundishwa kwa chaki. Na mwezi ujao watoto hawa wangetoka shuleni vipofu kama yeye.

Kesho yake alifunga misumari katika kitambaa, akachukua ndoo ya plastiki yenye maji, akaenda ofisini na darasa lote nyuma yake.

— Fungula, Prefe. Minyi sitoki hapa.

— Madame, weye mama wa kanisa! Sababu gani unapandisha sauti?

— Kanisa haikunikataza kusema ukweli. Fungula!

Prefe aliona macho ya watoto, akafungua.

Talitha alishika chupa moja moja, akijaribu vizibo. Unga wa chuma ulikuwa umeungana na hewa na unyevu, ukawa donge la kutu. Eau oxygénée, dawa ya vidonda, ilikuwa imevunjika; hewa yake ilitoka, yakabaki maji matupu. Soda, ile kali ya kupikia sabuni, ilikuwa imeganda kwenye kizibo.

— Unaona, Prefe? Zilijifundisha zenyewe mu kabati. Bwana akusamehe, ulifundisha mende kemia!

Watoto walicheka kwa nguvu. Prefe alikunja uso.

— Inspecteur hafungulake kizibo. Anasomaka majina tu.

Maneno hayo yalimwasha Talitha kuliko matusi. Nyuma kabisa aliona chupa moja ya mawe ya buluu, sulfate ya shaba, bado nzima. Prefe naye aliiona, akanyoosha mkono.

— Hii moja iko muzima. Rudisha!

Talitha aliimwaga yote ndani ya ndoo, akakoroga kwa kijiti.

— Sasa kamata, pelekea inspecteur.

— Nitaandika rapport juu yako!

— Andika. Batoto, musiguse maji, ni sumu.

Alifunga misumari kwa uzi, akaizamisha. Watoto walisogea kuizunguka ndoo. Baada ya dakika chache aliivuta juu, na chuma cheusi kilikuwa kimevaa wekundu. Shaba, ileile inayochimbwa katika nchi yetu.

— Chuma imefukuza shaba ndani ya maji! Mwadi alipiga kelele.

Talitha alitazama na yeye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hasira haikupungua hata kidogo. Aliwafikiria wanafunzi wote waliopita miaka ile kumi na moja bila kuona.

— Na zile ingine, Madame? Mwadi aliuliza.

— Mbili zilishaka kupita mu kabati bila sisi. Ile ya ine, ya kubadilishana, tutaiona leo.

Alichukua chupa ya soda iliyoganda, maana hata iliyoharibika hivyo ingebadilishana na yale maji ya buluu. Akaizungushia kitenge, akaomba nyundo ya kuipasulia.

— Prefe, sogea.