Breki Iliyokuwa Inalia

Mawese yakianza kupata moto kwenye sufuria hutoa harufu nzito, na mimi hutoka jikoni. Mume wangu anaamini siyapendi. Nayapenda sana, niliyazoea utotoni Kigoma. Ila harufu ile hunirudisha Bangwe, kwenye baraza la nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi na kidole changu kikiwa chekundu kwa mafuta.

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, amehamishiwa Kigoma kutoka Njombe. Mwaka wetu wa pili pale alinunua pikipiki ndogo ya umeme ya mtoto, ya ule mchezo wa kupanda mawe na magogo, kwa mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Haikuwa na moshi wala kelele. Ilikuwa ya mdogo wangu Baraka, mwenye miaka saba, ingawa nami niliipanda kila alipokwenda kunywa maji. Shida ilikuwa breki. Zilitengenezwa kwa ajili ya ua tambarare, na sisi mlango wetu ulitazama mteremko unaoshuka moja kwa moja hadi ufukweni wanakoanika dagaa.

Baba akaipeleka mtaa wa Buzebazeba kwa fundi Rajabu. Huyu ndiye aliyewafungia breki wachukuzi wa mawese, wale wanaume wanaoteremka na baiskeli kutoka Kidahwe wakiwa na madumu matatu manne nyuma. Watu hao hawaendi kwa fundi wa kubahatisha. Rajabu alitoa breki za zamani, akafunga za diski kutoka kwenye baiskeli moja nzuri iliyokwisha kufa, akachonga kipande cha chuma cha kuzishikilia, akabadilisha waya pia. Siku ya nne aliileta mwenyewe nyumbani, akamwita baba pembeni, wakainama juu ya gurudumu la nyuma wakizungumza muda mrefu. Sisi tulifukuzwa tukacheze.

Breki mpya zilikamata kwelikweli, lakini zililia. Baraka akizibana, mtaa mzima ulisikia, na watoto wenzetu wakaanza kumwita Mbuzi. Alirudi ndani akilia na yeye. Nami, dada mtu, nilikuwa na dawa. Jirani yetu Mama Zawadi, ambaye wazee wake walitoka Kongo, alikuwa na msemo wake: kinacholia kina kiu. Bawaba ya mlango ikilia, mawese. Toroli likilia, mawese. Hata mtoto mwenye ukurutu alipakwa mawese. Basi Jumamosi asubuhi nilichovya kidole kwenye kikombe, nikaipaka ile diski pande zote mbili, taratibu, kama ninayempaka mtoto mchanga mafuta. Nilijiona mtu mwema sana.

Nilisimama barazani nikamtazama Baraka akiteremka, na nikatabasamu kwa kuwa hakukuwa na mlio wowote. Kisha nikaona mwendo haupungui. Aliipita kona, akaupita uzio wa mwisho, akaenda kuvaa mawe ya ufukweni.

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Alilazwa hospitali wiki nyingi, na mguu ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Mpaka leo Baraka anachechemea.

Kesho yake baba alimwita fundi. Rajabu aliingia uani, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," na hakuna aliyeitikia. Akapiga magoti mbele ya pikipiki. Alipitisha kidole kwenye diski, akakinusa, akainua uso polepole. Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango. Tulitazamana. Nilijua kwamba amejua.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Breki hii nimeifunga mimi."

Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Nilikukabidhi mwanangu," alimjibu mbele ya majirani wote, akaingia ndani.

Maneno kama hayo hayakai uani. Kabla hatujahamishwa kutoka Kigoma, wachukuzi wengi walikuwa wameshahamia kwa fundi mwingine. Nikitumwa Buzebazeba nilipita upande wa pili wa barabara, nisilione benchi lake tupu. Niliamini amedanganya ili kuniokoa, na kila usiku nilimwombea. Ilikuwa rahisi kumwombea kuliko kusema.

Mwaka jana nilipanda treni, siku mbili, kwenda kumtafuta. Nilimkuta palepale, mvi tupu, anatengeneza toroli. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha benchi. Nikamweleza mimi ni nani, na kwamba mafuta niliyapaka mimi.

"Najua," alisema. "Si niliyanusa?"

"Sasa kwa nini ulinifichia, mzee?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Sikukufichia, mwanangu. Baba yako nilimweleza kila kitu: breki hii haiguswi na mafuta, ikilia ioshwe kwa maji na sabuni. Ninyi mliokuwa mnaipanda sikuwaambia hata neno moja. Hilo kosa la nani?"

Hakuwa ananibembeleza. Miaka yote ile nilidhani mzee huyu alinizawadia uongo, kumbe alisema alichokiamini, akalipa kwa jina lake.

Akakaza nati moja, kisha akauliza, "Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Na yule mdogo wako?"

Nikatikisa kichwa. Alirudi kwenye toroli lake, na hapo aibu ikanishika kuliko siku ile mlangoni. Rajabu alikuwa amechukua kosa lake tu. La kwangu halikuwa yale mafuta. Mtoto wa miaka kumi angejuaje? La kwangu lilikuwa kunyamaza mpaka nikawa mtu mzima, nikimwona Baraka akichechemea na kumsikia baba akimlaumu fundi. Tena nilikuwa nimesafiri siku mbili kuungama kwa mtu pekee ambaye tayari alikuwa anajua.

Nilimpigia Baraka kabla sijainuka kwenye benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Dada, mpe simu fundi."