Zidaka za Lamu na Kamba Nyekundu ya Saint Paul

Ulikuwa mwaka ule tuliokula chapati na maharage kila asubuhi, maana mayai yalipanda bei mpaka watu wa Woodbury, mji wetu huku ughaibuni, wakawa wanaulizana nani anafuga kuku. Kwa hiyo mwanangu aliponijia na trei mbili za mayai, nilijua kuna jambo. Chini ya trei palikuwa na karatasi.

"Mama, ni ku-sign tu hapa," akasema. Kuna mtu aliitaka nyumba yetu ya Lamu aifanye hoteli.

Mimi sikusoma sana, lakini hoteli naijua. Nikamwambia, "Siuzi, sikodishi, na kalamu yako siishiki." Mayai niliyachukua.

Nyumba ile hupewa binti anapoolewa. Mimi nilipewa na mama, mama alipewa na bibi. Sikujaliwa binti, ila nina mjukuu wa kike, nesi, na harusi yake ilikuwa imekaribia. Baba yake hakuwa amemwambia neno juu ya hoteli.

Jumamosi mwanangu akatuendesha mimi na mjukuu mpaka mji wa jirani, Saint Paul, kuona jumba la tajiri wa zamani. Mjukuu alitaka picha za harusi kwenye ngazi zake. Nikapiga hodi, kisha nikakaa kizingitini kungoja wanawake wa nyumba watoke wanipokee, kama nilivyolelewa. Mjukuu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Bibi, wenyewe walishakufa. Tunakata tiketi."

Huko ndani, jamani. Kuta za chumba cha kulia zimevishwa ngozi yenye maua ya dhahabu, zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mbao zimechongwa mpaka nikazipapasa. Mama anayetembeza wageni akanikanya. Nikamwambia mjukuu amtafsirie: kwetu ukuta mzima ni zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu juu ya safu, kila kimoja na bakuli lake la Kichina. Bakuli likipasuka lenyewe, limepokea jicho la hasidi badala ya mtu. Siku ya harusi yangu lilipasuka lile kubwa kuliko yote, paaa! na bibi yangu akapiga vigelegele na sinia la pilau mikononi. Pilau ikamwagika yote, naye haachi. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani.

"Na hapa alirithi nani?" nikauliza.

Akasema watoto waligawana vyombo, nyumba hakuna aliyeitaka. Ndiyo maana chumba cha mwenye nyumba kina kitanda kilichotandikwa na kamba nyekundu mlangoni, wageni wasiingie.

Niliitazama kamba ile. Nikaona chumba cha mama yangu, na wageni waliovaa kaptura wakichungulia. Nikamshika mjukuu mkono, mbele ya baba yake.

"Ile ya Lamu ni yako. Utakabidhiwa siku ya harusi."

Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akauliza kwa Kiingereza kama ina choo cha kukaa.

"Utajenga."

Tulicheka mpaka tukaombwa tupunguze sauti. Mjukuu akaanza kunipimia ukuta kwa mikono, zidaka zitakaa hivi, yeye atakaa chooni kwake vile, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Kwenye gari, karibu na nyumbani, baba yake akanitazama kwenye kioo.

"Mama, yule mtu bado anangoja jibu."

"Mpelekee lile lile," nikasema. "Siuzi, sikodishi, na kalamu yako siishiki."