Sini ya Thelathini na Mbili

Mtu akikwambia kuandika filamu ni kazi ya kukaa kivulini na kalamu, mwambie aje Kahama aulize habari za Melania. Kivuli alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Miaka sita alikaa ndani ya steshenari moja karibu na stendi ya mabasi, akitoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kuwachapia watu barua za kuomba kazi mgodini. Lakini uchovu wake ungemtosha mchimbaji aliyetoka shimoni asubuhi hiyo.

Skripti yake ya kwanza aliiandika kwa mkono, madaftari manne. Akampelekea Sostenes, mwongozaji wa filamu aliyekuwa na kamera yake mwenyewe na vijana watatu wa kumbebea vitu. Sostenes akafungua katikati, akasoma kwa sauti: "'Hapo akakumbuka utoto wake na uchungu ukamjaa moyoni.' Sasa dada Melania, hiyo kamera niielekeze wapi? Kwenye utosi?" Vijana wakacheka. Melania naye akacheka, ungefanyaje? Akabeba madaftari yake akarudi kujifunza upya, kuandika kile tu ambacho jicho linakiona na sikio linakisikia. Kujifunza huko kulimla mwaka mzima.

Ya pili ilihusu wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu. Hiyo Sostenes aliipenda, akaichukua, akasema atampigia simu. Hakupiga. Miezi mitano baadaye Melania akaikuta mtandaoni, yake mwanzo hadi mwisho, hata matusi aliyoyachagua kwa makini yamo. Jina lake halikuwemo hata kwa dawa. Alipokwenda kuuliza, Sostenes hakuona haya. "Skripti hatukuifuata, dada. Wasanii walijitungia palepale. Wewe ulitupa wazo tu." Kurasa tisini, wazo! Aliondoka pale akitembea upesi ili asilie mbele za watu, akalia nyuma ya mashine ya kopi.

Mtu mwenye akili timamu angeacha. Melania hakuacha, na sitasema ni ushujaa; kuna watu wakishapata ugonjwa huu hawaponi. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, hana mume, na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: filamu ianze, na kabla ya kitu chochote watu wasome kwamba imeandikwa na Melania Mihayo.

Ya tatu akaitoa nyumbani kwao. Kwao ni Samuye, na Samuye kuni ni za kutafuta kwa tochi. Wanawake wanapikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani. Moshi wake ni mkali, na mwanamke akiupuliza miaka arobaini macho yanageuka mekundu. Basi ole wake bibi mwenye macho mekundu kijiji kikifiwa na mtoto: ndiye mchawi. Kila mtu Usukumani analijua jambo hilo, na wengi wanapenda lizungumzwe kwa sauti ya chini. Melania akaandika habari za bibi wa namna hiyo. Mtoto wa jirani anakufa kwa homa, watu wanaanza kunong'ona, na katika sini, yaani onyesho, ya thelathini na mbili, ambayo ndiyo ya mwisho, mganga mkuu wa zahanati anasimama mbele ya wanakijiji na kueleza kwamba macho yale ni moshi, jamani, ni moshi. Hakuwa na haja ya kubuni sana. Mama yake mwenyewe, Limi, ambaye hapa nitamwita Mama Limi ingawa kijijini ni Mama Abel, kwa jina la kaka mkubwa wa Melania, alikuwa na macho hayohayo.

Sostenes alikuja mwenyewe hadi steshenari. "Hii sasa ni filamu," alisema, na hakuwa anatania. "Jina lako litatangulia, peke yake, kwenye kioo chote. Nakuapia." Siku hiyo Melania alikosea kopi za watu mara tatu na wala hakujali.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Aliyetoa gharama ni Bwana Eliya, mwenye maduara mawili Bugarama, yaani mashimo ya dhahabu, na mwenye duara akitoa pesa yake hutaka kuona kitu. Akawaita, akawaagizia nyama, akasema huku anatafuna, "Hadithi tamu. Ila mwisho umepoa. Daktari anatoa semina! Watu wetu wanataka mchawi. Huyo bibi mwishoni akiri. Aseme kwa kinywa chake: mimi ndiye niliyemla yule mtoto. Hapo kijiji kizima kinaruka."

"Bwana Eliya," Melania alisema, "hadithi yote inasema si mchawi."

"Ndiyo maana watashtuka."

Sostenes alimkanyaga mguu chini ya meza. Walipotoka nje akamwambia filamu haipo bila Eliya, na akaongeza kwamba ni maigizo tu, ataigiza mwanamke wa mjini hapa anayelipwa, nani ataumia? Melania alikuwa amechoka. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema hivyo akiulizwa: alikuwa amechoka kuambiwa bado. Sini mpya ya thelathini na mbili aliiandika kwa nusu saa, kwenye kompyuta ya ofisi, katikati ya wateja wawili. Na shetani alivyo, ikatoka nzuri.

Wakaenda Samuye kupigia filamu uani kwa mama yake, kwa kibali cha mtendaji wa kijiji. Yule mwigizaji wa mjini alipakwa rangi nyekundu kuzunguka macho, akainama kupuliza moto wa mavi ya ng'ombe, akakohoa hadi akatapika. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu akasema yeye basi, apelekwe stendi. Mama Limi, aliyekuwa pembeni anachambua mchicha, akacheka hadi akajifuta machozi. "Hebu sogea, mwanangu. Moto haupulizwi kama unauonea kinyaa." Akapiga goti, akageuza shavu, akapuliza pumzi ndefu tatu. Moto ukashika. Akainua uso wake kwenye moshi na macho yake yale, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Haya, mnapika nini sasa?"

Sostenes alikuwa amekwishawasha kamera. "Mama," alisema polepole, "rudia."

Nataka ujue kwamba siku mbili zilizofuata Melania alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tena. Mama hakujua kusoma, basi ikawa hivi: Melania anasimama kando ya kamera, anamtamkia neno, mama analichukua na kulisema kwa namna yake, na neno linakuwa bora kuliko lilivyoandikwa. Majirani walikuja na vigoda vyao kutazama. Mama Limi alikuwa akiulizwa kisimani kama sasa ataanza kuvaa viatu virefu. Alipenda! Mwanamke wa miaka sitini na nane aliyezoea kusikilizwa na mbuzi, leo watu wazima wanamwomba arudie alichosema. Na Melania, kila alipoikumbuka sini ya mwisho, aliisukuma mbele hadi kesho.

Kesho ikafika. Alimvuta Sostenes pembeni. "Hii tumpe mtu mwingine. Au turudishe ya daktari."

"Eliya atanichinja. Halafu mtu hawezi kuingia mama yako akatoka mwanamke mwingine. Dada, siku ni moja hii, mwanga unaondoka. Mtamkie tu kama jana."

Mama Limi akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, na wanakijiji waliopangwa kuwa wanakijiji wakamzunguka. Sostenes akasema, "Kamera inakwenda." Mama akageuza sikio upande wa binti yake, anasubiri neno, uso umetulia, yuko tayari.

Melania akatamka. "Mimi ndiye niliyemla yule mtoto."

Mama Limi hakulichukua. Aliacha kutazama kamera, akamtazama yeye. "Nani kasema hivyo?"

"Ni maigizo, mayu."

"Nimekuuliza nani kayasema."

"Nimeandika mimi."

"Juliana yule pale," mama alisema, wala hakupaza sauti. "Mjukuu wake tumemzika mwezi wa pili, mimi ndiye niliyemkogesha maiti yake. Unataka nimwangalie Juliana nimwambie mimi ndiye?" Kisha akasimama, akakung'uta nguo, akaingia ndani. Kanga aliyokuwa amepewa avae siku zote hizo akaivua na kuiacha juu ya kigoda.

Melania alisikia aibu ikimpanda kuanzia nyayoni. Alimwambia Sostenes mbele ya watu wote kwamba haitapigwa, kwamba sini hiyo ameifuta. Sostenes alimtukana, akafungasha vyombo na nguo zote, wakaondoka bila kuaga. Melania alibaki siku mbili akimsaidia mama yake kupura mtama. Hawakulizungumza. Siku ya kuondoka mama alimfungia karanga na kumwambia asalimie watu wa kazini, na Melania akajua amesamehewa. Akapanda basi la Kahama akijiambia basi, filamu imekufa, na afadhali imekufa.

Haikufa. Baada ya miezi miwili mteja mmoja alileta simu yake kaunta. "Melania Mihayo si wewe?" Na kweli, kwenye kioo cheusi, herufi nyeupe, peke yake: Imeandikwa na Melania Mihayo. Mungu amsamehe, moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijafika.

Aliitazama yote amesimama. Mama yake anapuliza moto. Mama yake anacheka kisimani. Kisha sini ya mwisho: mwanamke amekaa kwenye kigoda, amejifunika kanga ileile hadi puani, kichwa kimeinamishwa, anasema neno kwa neno kama lilivyochapwa ofisini hapo kwamba yeye ndiye aliyemla yule mtoto. Mtu anayemfahamu angejua ule si mwili wa Mama Limi. Lakini kioo cha simu ni kidogo, na watu wana haraka.

"Si uliandika wewe?" Sostenes alisema alipopigiwa. "Jina nimeweka kama nilivyoapa. Watu elfu themanini wameangalia, unalia nini?"

Melania alijipa moyo kwamba Samuye walikuwepo, walimsikia mama akikataa kwa masikio yao. Abel, kaka yake, ndiye aliyemweleza kwenye simu mambo yalivyogeuka. "Ndiyo, walimsikia. Sasa wanasema alikataa kwa sababu Juliana alikuwa mbele yake. Wanasema baadaye alipelekwa mjini kwa siri, na mbali na macho yetu akakubali." Juliana alikuwa ameacha kuja kuomba moto. Vijana walikuwa wakipita uani wanatamka yale maneno na kucheka, halafu wakaacha kucheka. Wiki iliyofuata mama alikuta karatasi imechomekwa mlangoni kwake. Alimpa Abel amsomee, akidhani ni ya michango ya shule. Iliandikwa: Hama kabla hujahamishwa.

Abel alikwenda kwa mtendaji, mtendaji akaenda kwa kamanda wa sungusungu, na kamanda akasema yeye hawezi kuulinda mlango mmoja kila siku. Basi Mama Limi akaletwa Kahama na begi moja na mkeka. Akakaa hapohapo kwa binti yake, chumba kimoja, uani kuna wapangaji watano. Ng'ombe wake wanne walibaki kwa Abel, na kila asubuhi aliuliza kwenye simu kama yule wa madoa amekunywa maji.

Melania alirudi kwenye kopi zake. Sostenes alipiga tena, Bwana Eliya anataka sehemu ya pili, na je, mama yupo? Alikata simu. Hakuwa na nguvu hata za kutukana.

Jumamosi moja alitoka kazini mapema akamkuta mama yake amekaa barazani, amekaanga karanga, na mtoto wa mpangaji mwenzao Vumilia amesimama mbele yake, mdomo umejaa. Mtoto wa miaka mitatu, Blessing. Mama Limi alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu aje. Vumilia akatoka chumbani na beseni la nguo. Alimwangalia yule bibi usoni, akayatazama macho, akatabasamu kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama," alisema. Kisha akamshika mtoto mkono akamvuta kwake. "Blessing. Hebu tema hizo karanga."

Mtoto akatema. Vumilia akampangusa ulimi kwa upindo wa kanga, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Mama Limi alibaki na kiganja wazi, karanga zimo. Alimwona binti yake amesimama langoni. "Kwani huyu mtoto karanga haziruhusiwi?"

"Zinamsumbua tumbo, mayu," Melania alisema.

"Aa, ungeniambia mapema," mama alisema, akaanza kuzirudisha karanga kwenye bakuli. "Basi kesho nitamchemshia viazi."