Jiwe la mama lililobaki lamboni

Leo nimezamisha kichwa lamboni na miaka yangu themanini. Msinicheke.

Binti yangu Kabula alikuja Kishapu na kamtumbwi kenye tanga, miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Mimi ndiye niliyemwomba.

Chini ya lambo hili ndiko nilikozaliwa. Enzi za Mwingereza tulihamishwa ili maji yakusanywe. Siku hiyo mama alikuwa anasaga mtama. Wakamharakisha, jiwe la kusagia likabaki na unga.

Kwetu mwanamke hainuki kwenye jiwe bila kulifuta. Mama alisema atarudi kesho alifute.

Mvua ikamtangulia.

Alilitaja jiwe lile mpaka anakufa.

Basi leo nikapima kwa macho majabali mawili ya kilimani, yaliyokuwa alama ya nyumba yetu, nikamwambia Kabula ashushe tanga.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "weka uso majini, pumua kwa mdomo."

Nikaweka. Maji yote rangi ya chai ya maziwa. Sikuona hata mkono wangu.

Nikalia ndani ya miwani. (Usijaribu, inajaa.)

Mwaka huu maji ni machache, kwa hiyo nikateremka, yakanifika kifuani. Nikapapasa kwa miguu muda mrefu, mpaka unyayo ukaingia kwenye kishimo laini cha jiwe. Kishimo cha mkono wa mama.

Nikazama, nikalifuta kwa kiganja.

"Unatafuta nini, Mayu?"

"Namalizia kazi ya bibi yako."

Ninyi mliohamishwa, mliacha nini?

Mimi nilisimama palepale, nikasikia kwa unyayo matope yakirudi juu ya jiwe.