Sahani ya Saleh

Juzi nimeona vijana wa Kasongo wamebeba mupiga ngumi mabegani, nikamukumbuka Saleh, mupiga ngumi wa zamani. Wakati wa sifa zake, wanaume wa barazani kwetu waligombania kula naye sinia moja. Alipoacha ngumi, na mikono yake ikaanza kutetemeka, walimutengea sahani yake pembeni. Mimi, mutoto bado, nilifikiri ni heshima, maana muzungu wa serikali naye alikula peke yake.

Alasiri moja nikamupelekea wali ulionukia mawese. Akaniuliza, "Mutoto, wale wamenichoka?"

"Hapana, baba Saleh! Wewe iko mukubwa kuliko wao."

Akacheka, akabeba sahani, akaenda kusimama mbele yao. Labda walimutengea sahani kwa kumufichia aibu ya kumwaga chakula. Sijui, siwezi kuwahukumu. Kisha baba yangu akapokea ile sahani, akamwaga wali wote katika sinia yao.

"Keti, Saleh. Umekawia."